Akili ikiugua, shamba nalo huugua

Na Mwandishi Wetu

NG'OMBE akikataa malisho siku mbili, mfugaji hutafuta bwana mifugo. Mahindi yakiwa na matundu kwenye majani, mkulima huinama kutazama kama ni viwavijeshi, kisha huenda kuulizia dawa kwenye duka la pembejeo. Lakini mwenye ng'ombe na mahindi hayo akikaa mwezi mzima bila usingizi, akashindwa kwenda shamba na kukata tamaa, mara nyingi hakuna anayeulizia dawa yake. Wengine husema amekuwa mvivu, wengine amerogwa, na wengine humwambia ajikaze.

Hapo ndipo hasara huanza. Palizi huchelewa, mbolea hubaki stoo, na deni la pembejeo huendelea kuzaa riba. Dukani nako bidhaa huisha bila kuagizwa nyingine, wateja hujibiwa vibaya, nao huhamia kwa jirani. Mtaji uliojengwa kwa miaka kumi unaweza kupotea kwa msimu mmoja, na sababu yake isiandikwe kwenye daftari lolote la hesabu.

Sababu hiyo mara nyingi ni ugonjwa wa akili. Jambo ambalo wakulima na wafanyabiashara wengi hawajaambiwa vya kutosha ni kwamba magonjwa haya yanatibika, mengine bila hata kidonge kimoja. Kinachoyafanya yawe ghali ni kuchelewa.

Si waokota makopo peke yao

Kwa watu wengi, mgonjwa wa akili ni yule anayezurura barabarani na nguo chafu akizungumza peke yake. Huyo yupo na anahitaji msaada, lakini wagonjwa wa aina yake ni wachache kati ya wote. Walio wengi wamevaa vizuri, wanasalimia majirani, na wako kwenye foleni ya kupima mazao ghalani au nyuma ya meza ya nyanya sokoni.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 970 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa wa akili, yaani mtu 1 katika kila watu 8. Mwaka 2025 shirika hilo lilitangaza kuwa idadi hiyo imevuka bilioni 1. Magonjwa yanayoongoza ni mawili: sonona, ambayo ni huzuni nzito isiyoondoka, na wasiwasi uliopita kiasi.

Kwa lugha ya biashara, WHO inakadiria kuwa magonjwa hayo mawili peke yake huufanya uchumi wa dunia upoteze siku za kazi bilioni 12 kila mwaka, hasara ya takriban dola za Marekani trilioni 1. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati, zaidi ya robo tatu ya wagonjwa hawapati tiba yoyote.

Dalili shambani na dukani

Kila mtu huhuzunika. Mvua ikikatika mahindi yakiwa yanachanua, au bei ya zao ikianguka siku ya mnada, ni kawaida mtu kukosa raha kwa siku kadhaa. Huo si ugonjwa. Sonona huanza kushukiwa pale hali inapodumu karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, na kumzuia mtu kufanya kazi zake.

Dalili zake ni kukosa hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda, kukosa usingizi au kuamka alfajiri sana na kushindwa kulala tena, kula kidogo mno au kula kupita kiasi, uchovu usioisha, kushindwa kufanya uamuzi mdogo, kujiona mzigo kwa familia, na wakati mwingine kutamani kufa.

Mara nyingi mgonjwa hataji huzuni. Hufika zahanati akilalamikia kichwa, mgongo, tumbo au moyo kwenda mbio. Hupimwa malaria, hupimwa taifodi, hupewa dawa za maumivu, na baada ya wiki mbili hurudi na lalamiko lile lile. Msomaji unayemfahamu mtu wa namna hiyo, muulize pia anavyolala na anavyoiona kesho yake.

Ugonjwa wa wasiwasi nao una sura yake. Mtu huwaza mabaya mfululizo hata pasipo sababu, jasho humtoka, mikono hutetemeka na kifua hubana. Mfanyabiashara wa aina hii huweza kuacha kupokea simu, kuogopa kwenda kununua mzigo, au kuhesabu fedha zile zile mara nyingi bila kuridhika.

Kundi linalosahaulika ni la akina mama waliojifungua karibuni. Mama anayelia kila siku, asiyevutiwa na mtoto wake na anayejiona hafai, si mama mbaya. Sonona wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua ni ugonjwa unaojulikana na unaotibika. Ikiwa yeye ndiye mwenye genge au anayelima bustani ya mboga, familia nzima hutikisika.

Upo ugonjwa mwingine ambao hisia za mtu hupanda mno kisha hushuka mno. Akiwa juu, hulala saa mbili au tatu bila kuchoka, huongea haraka, hujiona ana uwezo usio na mpaka na hubuni miradi mikubwa kila siku. Ndugu huweza kufurahi wakidhani amechangamka. Kumbe ndicho kipindi anachoweza kuuza ng'ombe kwa bei ya kutupa, kuchukua mikopo mitatu kwa wiki moja na kugawa fedha za mtaji. Miezi michache baadaye hushuka, akabaki kitandani huku wadai wakipiga hodi.

Skizofrenia ndiyo inayoogopwa zaidi. Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, huamini kuwa anafuatwa au anawekewa sumu, na huongea maneno yasiyofuatana. Kwa kawaida huanza ujanani, kati ya miaka ya mwisho ya utoto na miaka ya ishirini, wakati familia inamtegemea kijana ashike jembe au duka. Hata huyu haipasi kukatiwa tamaa. WHO inasema angalau mgonjwa 1 kati ya 3 wa skizofrenia anaweza kupona kabisa, na wengine wengi huishi vizuri wakitumia dawa.

Mwisho ni ulevi. Anayekunywa ili apate usingizi au asahau deni huamka na deni lile lile, fedha zikiwa zimepungua na sonona ikiwa imezidi. Ulevi ukifika mahali mtu akitetemeka asubuhi asipokunywa, asiache ghafla peke yake nyumbani, kwa sababu anaweza kupata degedege. Aende hospitali asaidiwe kuacha.

Chanzo si kimoja

Hakuna mdudu mmoja anayeleta ugonjwa wa akili kama mbu anavyoleta malaria. Kurithi kuna sehemu yake, kama vile mbegu zinavyotofautiana katika kustahimili ukame. Magonjwa ya mwili, msiba, ukatili wa nyumbani, bangi na pombe vina sehemu yake. Shida ya fedha nayo ina sehemu kubwa, na wakulima wanaijua kuliko wengi kwa kuwa hupokea kipato mara moja au mbili kwa mwaka.

Mwaka 2013, jarida la kisayansi la Science lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wakulima 464 wa miwa katika vijiji 54 vya jimbo la Tamil Nadu, India. Wakulima hao walipewa maswali ya kupima uwezo wa kufikiri kabla ya mavuno, fedha zikiwa zimewaishia, na wakapewa tena baada ya kuvuna na kulipwa. Watu wale wale walifanya vibaya zaidi kabla ya mavuno.

Wakulima hao hawakuwa wagonjwa. Funzo lake ni kwamba dhiki hula sehemu ya akili ambayo mtu angeitumia kupanga mambo. Ndiyo maana mkulima makini huweza kukubali mkopo wa riba ya kutisha, ile inayoitwa kausha damu, katika miezi ya njaa, na kuushangaa mwenyewe baada ya kuvuna. Uamuzi mkubwa wa fedha katika miezi hiyo haufai kufanywa na mtu mmoja peke yake. Dhiki hiyo ikidumu, kwa baadhi ya watu huwa ndiyo njia ya kuingia kwenye sonona.

Tiba ya kwanza ni mazungumzo

Wengi hudhani tiba ya akili ni sindano ya usingizi na wodi yenye nondo. Kwa sonona na wasiwasi wa kiwango cha chini na cha kati, tiba inayoanza kutajwa na wataalamu ni mazungumzo yaliyopangwa. Hayo si maneno ya kumtia mtu moyo tu, kwani yana hatua, yana muda maalumu na yamepimwa matokeo yake.

Mfano wa karibu ni wa Uganda. Mwaka 2002, watafiti walikwenda katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, eneo la wakulima lililoumizwa sana na Ukimwi. Waliunda vikundi, wanaume peke yao na wanawake peke yao, vilivyokutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Waliongoza vikundi hivyo hawakuwa madaktari bali wenyeji waliopewa mafunzo ya wiki mbili.

Kila mwanakikundi alisaidiwa kutambua kilichotangulia ugonjwa wake: kifo cha mpendwa, ugomvi, mabadiliko makubwa ya maisha, au upweke. Kisha kikundi kilizungumzia la kufanya, na wiki iliyofuata aliulizwa alichojaribu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kuwa baada ya tiba ni asilimia 6.5 tu ya waliokuwa kwenye vikundi waliobaki na sonona kali, wakati katika vijiji ambavyo havikupata vikundi walikuwa asilimia 54.7.

Mfano wa pili ni wa Zimbabwe. Daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa kijana ambaye familia yake ilikosa nauli ya basi ya kumfikisha hospitali. Mwaka 2006 aliamua kuipeleka tiba walipo watu. Alianza na bibi 14 katika kitongoji cha Mbare jijini Harare, akawafundisha kusikiliza na kusaidia, na mahali pao pa kazi pakawa benchi la mbao nje ya kliniki.

Bibi hao hawakutumia majina ya kitaalamu. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, lenye maana ya kuwaza kupita kiasi, ambalo halina tofauti na sisi tunaposema fulani ana mawazo mengi. Mgonjwa hueleza matatizo yake yote, kisha huchagua moja la kuanza nalo, hutafuta njia zinazowezekana, hupanga hatua, na hurudi kueleza ilivyokwenda. Huchukua vikao sita hivi. Baadaye hukaribishwa kwenye kikundi ambako wanachama husuka mikoba ya kuuza, wakajipatia kipato wakati wakiendelea kusaidiana.

Utafiti uliochapishwa Desemba 2016 ulihusisha watu 573 katika kliniki 24 za Harare. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona miongoni mwa waliokaa kwenye benchi walikuwa asilimia 14, na miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa asilimia 50.

Njia hiyo inaeleweka upesi kwa mfano. Tuseme mkulima anadaiwa na duka la pembejeo, na kikundi cha VICOBA na shemeji yake, na ada ya mtoto haijalipwa. Akiyawaza yote manne kwa pamoja usiku, halali. Kwenye mazungumzo ataandika madeni yote, kiasi na tarehe, kisha atachagua moja, pengine la VICOBA, na kazi yake ya wiki hiyo itakuwa kumfuata mwenyekiti na kuomba kulipa kidogo kidogo. Deni halijaisha, lakini amepiga hatua moja, na akili iliyokuwa imesimama huanza kutembea.

Dawa za hospitali na namna ya kuzitumia

Ugonjwa ukiwa mkali, au ukiwa ni skizofrenia au ule wa hisia kupanda na kushuka, dawa zinahitajika. Dawa hizi si mpya. Chlorpromazine, ya kwanza kutuliza sauti na hofu za wagonjwa, ilianza kutumika jijini Paris mwaka 1952. Lithium ilielezwa na daktari wa Australia, John Cade, mwaka 1949, na hadi leo ni miongoni mwa dawa muhimu za kuzuia hisia kupanda na kushuka.

Kosa kubwa la kwanza ni kukata tamaa mapema. Dawa za sonona kama fluoxetine na amitriptyline hazifanyi kazi kama dawa ya kichwa. Huchukua wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi, kabla mgonjwa hajaona nafuu. Anayeacha siku ya tano akisema dawa haifai ni sawa na aliyepanda leo na kufukua mbegu keshokutwa.

Kosa la pili ni kuacha baada ya kupata nafuu. Kwa kawaida dawa za sonona huendelea kwa miezi kadhaa hata baada ya dalili kuisha, na huachwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari. Kwa skizofrenia, kuacha dawa ni sababu kubwa ya ugonjwa kurudi. Walio mbali na hospitali wanaweza kuulizia sindano inayochomwa takriban kila wiki nne badala ya vidonge vya kila siku.

Mkulima na mfanyabiashara wanapaswa kujua mambo yanayogusa kazi zao. Chlorpromazine huifanya ngozi iungue haraka kwa jua, hivyo shambani vaa kofia pana na mikono mirefu. Amitriptyline na dawa nyingine huleta usingizi, hivyo usiendeshe trekta, bodaboda wala mashine ya kukoboa hadi ujue mwili wako unavyoipokea. Anayetumia lithium anatakiwa kupimwa damu mara kwa mara, na asikae juani akitoka jasho bila kunywa maji ya kutosha, kwa kuwa dawa inaweza kuzidi mwilini. Haloperidol inaweza kukaza shingo au kutetemesha mikono. Hilo likitokea usitupe dawa, rudi kliniki kwa sababu linarekebishika.

Pombe haiendi na dawa hizi. Nazo dawa za usingizi za aina ya diazepam, ambazo watu hununua bila cheti, zikitumiwa kwa muda mrefu humfanya mtu ashindwe kulala bila hizo. Hazitibu sonona.

Jembe nalo ni tiba

Katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, mkoani Tanga, iko Hospitali ya Lutindi. Ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza ya aina hiyo Afrika Mashariki. Pamoja na dawa, kazi ni sehemu ya tiba: wagonjwa hushiriki kwenye mashamba, chai ikiwamo, na kwenye karakana.

Baada ya uhuru, Tanzania ilianzisha pia vijiji vya tiba na kilimo, kikiwamo cha Hombolo mkoani Dodoma, ambako wagonjwa waliopata nafuu waliishi, kulima na kujizoeza maisha ya kawaida kabla ya kurudi kwao.

Nigeria ilifanya jambo linalofanana na hilo. Mwaka 1954 Dk. Thomas Adeoye Lambo, ambaye baadaye alikuwa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa WHO, aliamua kutowafungia wagonjwa ndani ya hospitali ya Aro, karibu na mji wa Abeokuta. Kila mgonjwa alikuja na ndugu yake, wakapanga chumba katika vijiji vya wakulima vilivyo jirani. Mgonjwa alipata matibabu hospitali, na muda mwingine aliishi kijijini na kufanya kazi kama wengine.

Familia inaweza kuiga hayo nyumbani. Mgonjwa aliyeanza kupata nafuu asiachwe kukaa tu, wala asirudishiwe ekari tano kwa siku moja. Aanze na tuta moja la mchicha, kuku kumi, au saa mbili za dukani asubuhi, kisha aongezewe. Na kama kazi yake inastahili malipo, alipwe. Kumtumikisha mgonjwa bure kwa kisingizio cha tiba ni dhuluma.

Mganga, maombi na kamba

Familia nyingi huanza kwa mganga au kwenye maombi, na si rahisi kuwalaumu. Huko husikilizwa, tena ni karibu na nyumbani. Dua na faraja ya ndugu humsaidia mgonjwa kuvumilia. Tatizo huja pale anapoambiwa aache dawa za hospitali, anapofungwa kamba au mnyororo, anapochapwa au kunyimwa chakula, au familia inapouza mbuzi mmoja baada ya mwingine bila nafuu yoyote.

Yeyote anayemzuia mgonjwa wako kwenda hospitali anakuongezea hasara. Kamba nayo haitibu kitu zaidi ya kuacha majeraha. Mgonjwa akiwa na fujo, tafuteni msaada wa kumfikisha hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa huko zipo dawa za kumtuliza kwa haraka.

Sumu za shambani zifungiwe

Lipo jambo linalomhusu mkulima kuliko mtu wa mjini. Mawazo ya kutaka kufa mara nyingi huja kwa nguvu kisha hupita, na mtu akivushwa salama katika saa hizo anaweza kuishi miaka mingi na kufurahi kuwa hai. Kwa hiyo viuatilifu vikali visikae mahali ambapo kila mtu anavifikia.

Sri Lanka imelionyesha hilo. Kuanzia miaka ya 1980, na hasa mwaka 1995, nchi hiyo ilipiga marufuku hatua kwa hatua viuatilifu vyenye sumu kali zaidi. Kati ya mwaka 1995 na 2015 kiwango cha watu kujiua kilishuka kwa takriban asilimia 70, na watafiti wanakadiria kuwa maisha 93,000 yaliokolewa. Mavuno hayakushuka kwa sababu ya marufuku hizo.

Nyumbani, weka dawa za shamba kwenye sanduku lenye kufuli, nunua kiasi cha msimu tu, na kama kuna mtu aliyekata tamaa, funguo zikae kwa mwingine au dawa zihamishiwe nje ya kaya. Mwenye duka la pembejeo akimwona mteja amelewa au ana majonzi mazito, asimuuzie siku hiyo. Azungumze naye na amtafute ndugu yake.

Kumuuliza mtu kwa upole kama anawaza kufa hakumtii wazo hilo kichwani. Humpa nafasi ya kulitua. Akikubali kuwa analo, asiachwe peke yake. Afikishwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Pa kuanzia

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mweleze mhudumu waziwazi kuhusu usingizi, mawazo na kazi, usitaje kichwa na mgongo pekee. Omba rufaa ya hospitali ya wilaya au ya mkoa ikiwa hali ni nzito. Ngazi za juu zaidi ni pamoja na Hospitali ya Taifa ya Muhimbili jijini Dar es Salaam na Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe jijini Dodoma, iliyoanza mwaka 1927. Kabla hujauza mali, ulizia bima na utaratibu wa msamaha wa gharama.

Nauli ndiyo inayowakwamisha wengi. VICOBA nyingi zina mfuko wa jamii wa misiba na maradhi. Wanachama wakubaliane mapema kuwa ugonjwa wa akili nao ni maradhi, ili mwenzao asaidiwe nauli ya kliniki kama anavyosaidiwa aliyevunjika mguu.

Mambo ya kufanya

1. Dalili zikidumu wiki mbili na kazi ikasimama, nenda kituo cha afya. Usisubiri mavuno.

2. Andika madeni yote kwenye karatasi moja, kisha mwonyeshe mtu mmoja unayemwamini.

3. Kama hisia zako hupanda na kushuka, ukiwa mzima kubaliana na familia kwa maandishi kwamba mali kubwa haiuzwi na mkopo hauchukuliwi bila saini ya mtu wa pili.

4. Andika siku ya kliniki kwenye kalenda ile ile ya kupanda na kupulizia dawa, na agiza dawa zako kabla hazijaisha.

5. Mweleze mwenzako wa nyumbani majina ya dawa unazotumia na dalili zako za mwanzo, kwani mara nyingi yeye ndiye atakayeziona kabla yako.

6. Punguza pombe, lala kwa saa zinazofanana kila siku, na usijitenge na watu.

7. Mwajiri wa vibarua au mwenye duka asimfukuze mtu kwa sababu ameugua. Ampangie kazi nyepesi na ruhusa ya kliniki, kwa kuwa mfanyakazi mzoefu aliyepona ana faida kuliko mgeni anayeanza kufundishwa.